Kengele Shingoni mwa Bi Telesfora

Baragumu la galera lililia kutoka upande wa msitu, na Bi Telesfora Ledesma akaweka kisu chini. Alikuwa akikata nyama kavu ya supu, vipande vidogo vidogo, kwa sababu abiria wa kutoka Tucumán hufika meno yao yamechoka kwa kugongana njiani. Akajifuta mikono kwenye aproni, akatoka uani, akatazama zizi. Zizi lilikuwa tupu.

Halikuwahi kuwa tupu baragumu likilia, si enzi zake wala enzi za marehemu mumewe. Kituo chao kiliitwa Tres Cardones, kwa ajili ya mipungate mitatu iliyokuwa mbele ya mlango. Siku hizi ulibaki mmoja, lakini jina la mahali halinyauki kama mpungate. Hapo ndipo galera za njia ya Córdoba na Tucumán zilibadilisha farasi. Galera ni gari refu, mithili ya kanisa dogo lililotiwa magurudumu: ngozi za ng'ombe juu, mifuko ya barua nyuma, na ndani watu wamekaa magoti kwa magoti mpaka wajuane kwa majina ya nyumbani. Kila farasi anayelivuta ana kijana mgongoni, na kamba ya ngozi imefungwa kutoka kwenye mkanda wa tumbo la farasi hadi kwenye gari. Vijana hao ndio mapostilioni. Wanalivuta gari mpaka kituo cha mbele, wanafungua kamba, wanakunywa yerba, chai chungu ya kibuyu na mrija, pamoja na wenzao, kisha wanarudi kwao polepole na farasi wao. Kwenda ni nusu ya kazi na kurudi ni nusu nyingine, kama pumzi.

Malipo yao makubwa yalikuwa neno la serikali: mwenye kuvuta posta hachukuliwi jeshini. Katika nchi ile, ambako askari walitupa kamba kwenye mbio za farasi na kukusanya vijana kama ndama, neno hilo lilikuwa na thamani kuliko fedha.

Eleuterio, mwana wa pekee wa Bi Telesfora, alikuwa amepeleka galera ya kaskazini juzi. Ilimpasa arudi jana.

Gari likaingia uani na vumbi lake. Kiongozi wake, Don Satuco, mzee mnene mwenye sauti iliyokauka kwa kupiga baragumu, alishuka bila kutania mtu. Hapo Bi Telesfora akajua.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Usinitazame hivyo, bibie. Si mimi niliyemchukua."

"Sikukuuliza nani. Nimeuliza wapi."

"Ngome ya mashariki. Kamanda mpya, yule Olazar aliyeletwa kutoka bandarini, kamkuta njiani anarudi na farasi, anapiga mluzi. Kamuuliza, gari lako liko wapi? Mtoto kajibu, nimeliacha kituoni, narudi kwetu kwa mama. Basi, kaambiwa, ukiwa na gari wewe ni postilioni. Bila gari wewe ni mzururaji mwenye farasi."

"Na hao farasi?"

"Mali ya serikali sasa. Hata Mtawa kamchukua."

Mtawa alikuwa farasi jike mweupe, mzee, mwenye jicho moja. Kila kundi la farasi kule lina jike wake wa kengele. Hapandwi, havuti, hafanyi lolote ila kula na kutembea, kengele inalia shingoni, na farasi wote wa kundi humfuata popote aendapo. Mwanamume wa nchi ile angepanda mbuzi kabla ya kupanda farasi jike. Watoto wa miaka mitatu wanalijua hilo. Lakini bandarini wanafundisha mambo mengine.

Dirisha la galera likafunguka, na Hakimu Bustinza akatoa kichwa, kofia ndefu na vyote. Alikuwa amekula chakula cha jioni na kamanda wiki iliyopita, na tafsiri ile ya sheria ilikuwa yake. Aliitoa kati ya bata na tambi.

"Bibi, sheria iko wazi," alisema. "Imeandikwa: mwenye kuvuta posta. Anayerudi havuti."

"Kwa hiyo mheshimiwa, mwanangu akitaka asikamatwe, asirudi nyumbani maisha yake yote?"

"Arudi, lakini arudi na gari."

"Gari limekwenda Tucumán, mheshimiwa."

"Hilo ni suala la ratiba," alisema hakimu. "Si suala la sheria." Akauliza kama supu iko tayari.

Don Satuco akasubiri dirisha lifungwe. Kisha akatoa kitu ndani ya poncho, joho lake la sufu, akampa Bi Telesfora kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha vyombo vya msibani. Ilikuwa kengele ya Mtawa, na mkanda wake wa ngozi. Kamanda alikuwa ameing'oa na kuitupa barabarani kwa sababu ilimuumiza kichwa.

"Nimeiokota," alisema Don Satuco. "Nakumbuka siku marehemu alipoileta kutoka Catamarca. Alilewa siku tatu kwa furaha."

Bi Telesfora alitazama mahali pa kuiweka. Mikono yake ilikuwa na kazi, abiria walikuwa wameshakaa mezani, na kengele ile ilikuwa nzito. Basi akaivaa shingoni, akafunga kifungo cha mkanda, akaingia jikoni kupakua supu.

Akapakua huku kengele ikilia. Alipoinama kwa padri, ikalia. Alipogeuka kwa mfanyabiashara wa ngozi, ikalia. Hakimu aliomba chumvi. Walipofika kwenye jibini na matunda yaliyopikwa kwa sukari, farasi wa Tres Cardones waliingia uani mmoja mmoja na kusimama mbele ya dirisha la jiko, kamba za ngome zikiburutika nyuma yao. Ngome ya mashariki iko mwendo wa siku moja na nusu kutoka hapo, kwa farasi mwenye haraka.

"Wamewahi," alisema Don Satuco, akichokonoa meno.

"Walikuwa na njaa," alisema Bi Telesfora.

Wa mwisho kuingia alikuwa Mtawa, na mgongoni mwake, amevalia sare yake yote, mabega ya dhahabu, upanga na buti za kung'aa, alikuwa Kamanda Olazar. Alikuwa ameamua kumpanda asubuhi ile kwa sababu aliona ni mpole. Mapostilioni waliolileta gari, waliokuwa kivulini, wakainuka. Mmoja akavua kofia, kama watu wanavyofanya jeneza likipita.

"Mheshimiwa kamanda," Don Satuco akasema kwa upole mkubwa, "huyo hapandwi. Huyo hufuatwa."

"Nilikuwa nakagua barabara," alisema kamanda.

Bi Telesfora alitoka na mwiko mkononi. "Mwanangu umemwacha wapi?"

"Mwanao ni askari wa jamhuri."

"Nimesikia. Nawe uko barabarani peke yako, huna kikosi, huna gari. Ulikuwa unakwenda au unarudi?"

Kamanda alifikiri. Hakuwa mjinga, tatizo lake lilikuwa shule. "Ngomeni natarajia kurudi," alisema.

"Mheshimiwa hakimu!" Bi Telesfora aliita kuelekea mezani. "Yuko hapa mmoja anayerudi!"

Hakimu Bustinza alikuwa akinywa kahawa na hakusikia. Kamanda akadai kengele, kwa jina la serikali. Bi Telesfora akamwambia kengele iko kazini. Kamanda akatazama wapanda farasi wale wote kivulini, kila mmoja na kisu kiunoni cha kukatia nyama, akaona nyama yenyewe imekwisha kuliwa. Akaomba farasi. Hakukuwa na farasi aliyekubali kutoka nje ya uzio akiwa naye mgongoni. Mwishowe akapewa punda, kwa kuwa punda hana habari na kengele ya mtu, na akaondoka juu yake kuelekea mashariki, miguu yake ikichora mistari miwili mchangani.

Galera ikafungwa farasi wapya, ikaondoka kwenda Córdoba. Jua lilipokuwa bado juu ikarudi, ikitokea upande wa msitu, yaani upande ule ilikotoka asubuhi. Abiria wakashuka, wakala tena. Ikaondoka. Ikarudi. Padri alisema ameiona njia hii mara tatu na kila mara inazidi kumpendeza. Hakimu Bustinza alisema ana kesi Córdoba inayomsubiri.

"Subiri basi nawe, mheshimiwa," alisema Bi Telesfora. "Umekaa garini, lakini humo humo garini unarudi. Mimi si mtu wa sheria, ila naona kama unazurura."

Kesho yake Don Satuco aliazima ng'ombe wa kulimia kwa jirani. Ng'ombe hawamsikilizi mtu wala kengele. Wakaivuta galera kwa mwendo wao wa kufikiri, na tangu siku hiyo posta yote ya kaskazini ilipita Tres Cardones kwa ng'ombe. Barua za askofu kuhusu Kwaresima zilifika baada ya Pasaka, na watu wa milimani wakafunga wakati wenzao wanakula. Mkurugenzi wa posta alituma amri iliyosema kwamba ng'ombe waende haraka zaidi. Kuhusu Eleuterio na vijana wengine wa posta waliozidi kuchukuliwa njiani hakusema kitu, kwa kuwa hakuulizwa kwa njia inayofaa.

Bi Telesfora hakuivua kengele. Alilala ameketi, kwa sababu akilala chali inamkaba. Aliamka nayo, akakamua mbuzi nayo, akaenda misa nayo, na padri wa parokia alipozoea aliacha kumpa ishara mtoto wa altare apige ile ya kanisa. Ngozi ya shingo yake ikachubuka, kisha ikawa sugu.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Bi Pastora, mke wa mwenye kituo cha kaskazini, ambaye alikuja kwa miguu na mfuko wa sufu ya kondoo. Wanawe wawili, pacha, walikuwa wamechukuliwa njiani wakirudi, wiki moja baada ya Eleuterio.

"Inama hapa, dada," alisema, akaanza kumpaka mafuta ya mnyama shingoni na kutandika sufu chini ya mkanda. "Lo! Shingo yako imekuwa kama ya fahali."

"Inauma kidogo tu."

"Iume. Mradi ilie. Wangu nao wanaisikia?"

"Farasi wanaisikia. Watu sijui."

"Basi itikise vizuri. Wewe unatembea kama bibi harusi, unaitikisa kwa haya. Tembea kama unakwenda kumgombeza mtu."

Bi Telesfora akatembea hivyo, na kengele ikaenda mbali zaidi.

Kule ngomeni, farasi wa jeshi walianza kuondoka usiku, hata wale waliofungwa miguu. Kamanda Olazar akachukua hatua ambayo ofisa yeyote makini angeichukua: aliagiza kila farasi aliyebaki afungwe kwa kamba ya ngozi mbichi kwenye nguzo za ukuta wenyewe. Ukuta wa ngome ile ulikuwa wa magogo ya kebracho, mti mgumu unaovunja mashoka, yamesimamishwa bega kwa bega na kuunganishwa kwa ngozi. Farasi wakageuza vichwa kuelekea Tres Cardones, wakaegemea kamba zao. Hakuna aliyewapiga, maana hawakuwa wanafanya fujo. Walikuwa wanaegemea tu.

Asubuhi mlinzi alitoa taarifa kwamba kisima kiko nje ya ngome. Kamanda aliamuru kisima kipya kichimbwe ndani. Kilipofika kwenye maji, nacho kikawa nje. Walichimba vinne, kisha wakaacha, wakawa wanakunywa maji ya mahali popote ngome ilipofika siku hiyo. Ilikwenda yote pamoja: ukuta, mnara wa kutazamia, jiko, bendera, na gogo lenye matundu ambamo askari wenye makosa walibanwa miguu. Ngome ilijengwa pale ili kuwazuia watu wa Chaco, wenyeji wa misitu ile, wasirudi kwenye mto walikozaliwa. Ilipoondoka walirudi, wakapanda maboga mahali palipokuwa na bohari ya baruti. Wachora ramani walisogeza mstari wa mpaka ili ufuatane na ngome, na mambo yakawa sawa.

Ngome ilipofika nusu ya njia, kamanda alikuja Tres Cardones juu ya punda, na nyuma yake, kwa miguu, alikuja Eleuterio.

Kijana alikuwa amekonda. Suruali yake ya sare ilikuwa ya mtu mwingine, mrefu, na vifundo vyake vilikuwa na alama za lile gogo. Bi Telesfora hakulia wala hakupiga kelele. Alimimina maji ya moto kwenye kibuyu, akanywa yeye wa kwanza kama ada inavyotaka, akajaza tena, akampa mwanawe. Eleuterio alinyonya mpaka mrija ukatoa sauti.

"Kuna chumvi chumvi kidogo, mama."

"Maji ya mwaka huu ni hayo."

Bi Pastora alikuwepo, na Don Satuco, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamelala uani bila kushauriana naye. Kamanda alivua kofia. Alisema kwa heshima, na kweli ilikuwa heshima, maana alikuwa amechoka kuhamahama.

"Bibi, serikali ina huruma. Nimekuja kumsamehe mwanao. Atamke mbele ya mashahidi hawa kwamba alikutwa akizurura, nami nimsamehe. Wewe uvue hiyo kengele. Leo hii alale kitandani pake."

"Na pacha wa Bi Pastora?"

"Hao mama yao hana kengele."

Bi Pastora alitazama ukuta. "Vua, dada," alisema. "Usinitazame mimi. Mimi ningevua."

Mkono wa Bi Telesfora ukapanda shingoni wenyewe. Kwa muda wote ule alikuwa amejiambia kwamba angeivua siku ile tu atakapomwona, na sasa alikuwa anamwona, na masikio yake, na kovu la nyusi alilopata kwa teke la ndama. Vidole vikafungua kifungo. Mkanda ukalegea. Zizini farasi wote waliinua vichwa, na mbali, upande wa mashariki, ngome ikasimama.

"Unasemaje?" alimuuliza mwanawe.

Eleuterio aliweka kibuyu chini taratibu. "Mama, tangu nikiwa mdogo hivi, ulikuwa ukinikagua langoni. Nikitoka na farasi sita, nirudi na sita. Nikija na watano hunipi chakula mpaka nikamtafute wa sita. Kule ndani tumo wengi kutoka vituo vyote vya njia hii. Leo nikija peke yangu, utanipa chakula?"

"Wewe ni mwanangu. Nitakupa."

"Najua. Ndiyo maana nauliza mimi, usije ukajiuliza wewe." Akamgeukia kamanda. "Na mimi sikuzurura, mheshimiwa. Nilikuwa narudi kwetu. Ningekuwa nazurura ningekwenda Salta. Huko wana muziki."

Akasimama nyuma ya mama yake, akashika ncha mbili za mkanda, akazivuta.

"Tundu hili limepanuka," alisema. "Nikaze la mbele yake?"

"Kaza," alisema Bi Telesfora.

Akakaza. Kengele ikatulia vizuri kifuani, na alipogeuka ilitoa sauti ambayo Don Satuco, mtu wa baragumu, aliisifu.

"Huu ni uasi," alisema kamanda.

"Hii ni kengele, mheshimiwa," alisema Bi Telesfora. "Uasi ni ule wa kuitupa."

Eleuterio alirudi ngomeni kwa miguu nyuma ya punda. Njia ilikuwa fupi, maana ngome ilikuwa imeshaanza tena kuja. Mama yake alimtazama mpaka vumbi likaisha, akaingia jikoni, akakata nyama. Supu ya siku ile haikuongezwa chumvi, na abiria walisema imekolea.

Miezi ikapita. Maganda ya miti ya algarrobo yalipoanza kudondoka, mnara wa kutazamia ulionekana juu ya miti. Baadaye ikaonekana bendera, kisha nguo za askari zilizoanikwa ukutani, na Bi Telesfora akaitambua suruali ile ndefu. Mbuzi wakazoea. Asubuhi moja, akiwa anawasha moto, alisikia mgongano mdogo kama mlango unapofungwa na mtu mwenye adabu. Alitoka. Ukuta wa ngome ulikuwa umefika kwenye uzio wa zizi na kusimama.

"Mama," ilisema sauti kutoka kati ya magogo mawili. "Umeamkaje?"

"Salama. Umekula?"

"Bado."

Akampitishia mkate kwenye ufa. Mkate ulipita kwa upande, mkono ulipita mpaka kwenye kiwiko, mtu hakupita. Lango la ngome lilikuwa upande mwingine, na mbele yake palikuwa na walinzi wale wale. Mchana huo Eleuterio alibanwa kwenye gogo kwa kosa la kupokea mkate, na mama yake aliyasikia yote, maana ukuta wa magogo hauzuii sauti. Jioni Kamanda Olazar alituma mtu kuomba kaa la moto. Bi Telesfora alimpa. Moto hanyimwi mtu, hata huyo.

Wanawake wa vituo vingine walikuja na mabunda yao, wakapiga kambi kando ya ukuta, kila mmoja kwenye ufa wake. Kila asubuhi ukuta ule ulikuwa na mikono inayotoka na mikono inayoingia. Kila mchana palikuwa na adhabu. Hakimu Bustinza, akirudi kwa ng'ombe kutoka Córdoba, ambako kesi yake aliikuta imekwisha kuamuliwa na mwingine, aliombwa rai. Alisimama, akapima ukuta kwa macho, akasema kwamba hakuna askari aliyerudi nyumbani. Nyumba na ngome ndizo zilizokutana, jambo ambalo sheria haikulikataza, na kwa hiyo askari wote wanaendelea kuwa askari. Kisha akauliza kama supu iko tayari. Bi Telesfora akampa ya jana.

Don Satuco alikaa kwenye kiti cha mlangoni kusubiri ng'ombe wake waamue.

"Haya, bibie," alisema. "Ngome imefika. Mtoto unamsikia akipiga chafya. Sasa vua hilo dude uipumzishe shingo."

"Namsikia, lakini hajarudi."

"Kweli hajarudi. Lakini ngome ndiyo hii, haina pa kuja tena. Unamwita nani sasa?"

"Aliyeituma."

Don Satuco alikuna kidevu. Njia ya kusini aliijua kwa mifupa yake: jangwa la chumvi, Córdoba, Rosario, kisha nyika tambarare isiyo na jiwe hata moja, mpaka bandarini kwenye jumba la serikali.

"Sasa umenikumbusha," alisema. "Juzi nilimpakia karani mmoja wa huko. Kasema mawaziri siku hizi wanafunga farasi wa magari yao kwenye nguzo za baraza, zile nyeupe, za marumaru, kwa sababu bandani hawatulii. Na tangu wafungwe hapo, milango ya jumba haifungi vizuri. Mafundi wameitwa. Wanasema ni unyevunyevu."

"Limesogea?"

"Kasema asubuhi moja mtunza bustani kakuta ngazi ya mbele imekanyaga waridi."

Bi Telesfora akainuka. Akashika kiuno, akanyoosha mgongo, na kengele ikalia. Nyuma ya magogo mtu akapiga mluzi, na baadaye kidogo akasikika akiadhibiwa kwa mluzi huo. Bi Telesfora akazunguka ua, kutoka zizini hadi kisimani na kutoka kisimani hadi mlangoni, akitembea kama mtu anayekwenda kumgombeza mtu. Kisha akaingia jikoni na kuongeza maji kwenye sufuria kubwa. Njia ya kutoka bandarini ni ndefu, na hao wenyewe hawajazoea safari. Watafika na njaa.